Chaza hahami

Nyundo yangu ya kwanza ya kuchambulia chaza bado ninayo. Ubavuni mwa mpini pamechomelewa chuma chenye pengo, na pengo hilo ni inchi 3 kamili. Unampitisha chaza pale: akipenya ni mdogo, anarudi majini, akikwama ni wako. Msimu wangu wa kwanza kwenye mto Rappahannock, jimbo la Virginia, Marekani, nilifanya hivyo tangu jua linapochomoza mpaka vidole vikafa ganzi ndani ya glavu. Usiku nikifumba macho bado naliona lile pengo.

Watu huniuliza kwa nini naitetea sheria ya uvunaji wa chaza kwa ukali namna hii wakati sheria hiyohiyo imenikosesha mshahara zaidi ya mara moja. Nimefanya kazi pande zote mbili. Misimu mitatu nilikuwa kwenye miamba ya umma, ambako kila mwenye leseni anaruhusiwa kuvuna, na tangu hapo nipo kwenye eneo la kukodi, ambako chaza waliomo ni wa aliyewapanda. Nawajua watu wa huku na wa kule, na najua wanavyosemana.

Kapteni niliyeanza naye alikuwa na miaka sabini na kitu. Baba yake alivua mto huohuo, na babu yake vilevile. Yeye aliniita binti, mimi nikamwita Kapteni kama alivyoitwa na kila mtu gatini. Boti yake ilikokota kikwaruzo: fremu ya chuma yenye meno mbele, na nyuma yake mfuko wa pete za chuma. Kikipandishwa kinamwaga juu ya ubao lundo la matope, kaa, magamba matupu na chaza walioshikana kama wamemwagiwa saruji. Kazi yangu ilikuwa kuwabandua kwa nyundo bila kuwavunja, kuwapima na kuwagawa. Wakubwa kwenye kikapu. Wadogo pamoja na magamba yote yanasukumwa ukingoni yarudi chini.

Siku ile ya kwanza niliyaacha magamba yarundikane miguuni, nikidhani tutayatupa tukifika. Kapteni alisimamisha injini.

"Usiyabebe hayo mpaka bandarini, binti. Tukiondoka na gamba tumeondoka na nyumba yao."

Sikumwelewa, ila niliyasukuma. Baadaye ndipo nilipojua alichokuwa akisema. Chaza mzima hahami. Pale alipojibandika ndipo atakapofia. Lakini akiwa kichanga huelea na maji kwa wiki mbili hadi tatu, kisha hushuka kutafuta kitu kigumu na safi cha kujishika, na hakuna anachokipenda kuliko gamba la chaza mwingine. Akiangukia tope amekwisha. Ndiyo maana sheria inakutaka uchambue papo hapo juu ya mwamba ulikovuna, wala si gatini kwenye kivuli, hata kama kuna upepo, hata kama unatetemeka. Mtu asiyejua ataiona ni usumbufu wa ofisini. Aliyewahi kuliokota gamba moja kuukuu lenye vichanga kumi vilivyojishika juu yake hawezi kuiona hivyo tena.

Kwa zaidi ya karne moja watu wa Ghuba ya Chesapeake, ambamo mto wetu unamwaga maji, walifanya kinyume chake. Miaka ya 1880 jimbo la Maryland peke yake lilivuna karibu busheli milioni 15 kwa msimu mmoja; busheli ni kipimo cha ujazo, kama kikapu kikubwa kilichojaa. Chaza waliliwa, na magamba yakachomwa kuwa chokaa au kutandazwa barabarani. Miamba iliyojengeka kwa maelfu ya miaka ikashushwa hadi usawa wa tope. Baadaye yakaja magonjwa mawili ambayo hayamdhuru binadamu lakini yanamuua chaza: Dermo, iliyogunduliwa ghubani mwaka 1949, na MSX mwaka 1959. Wavuvi wengi wa rika la Kapteni husema magonjwa ndiyo yaliyoumaliza mto. Nawaheshimu, na ni kweli magonjwa yaliua sana. Ila yalimkuta mgonjwa aliyekwisha kuvunjwa mifupa.

Sasa nirudi kwenye zile inchi 3. Katika maji yetu chaza huzifikisha kwa miaka kama mitatu. Chaza wengi huanza maisha wakiwa madume na baadaye hugeuka majike, kwa hiyo wale wakubwa ndio wenye mayai mengi. Hapo sheria ya kipimo ina udhaifu, na lazima niuseme: kipimo cha chini kikiwa peke yake kinawalinda watoto na kuwaacha mama zao wabebwe. Kanuni ya kipimo haiwezi kusimama bila kanuni ya kupumzisha. Tangu mwaka 2007 Virginia inavuna sehemu za Rappahannock kwa zamu: eneo moja linafunguliwa msimu huu, kisha linafungwa misimu kadhaa huku mengine yakifunguliwa. Juu ya hapo kuna kikomo cha siku. Nilipokuwa na Kapteni kilikuwa busheli 8 kwa kila mwenye leseni, na zikitimia unarudi nyumbani hata kama saa nne haijafika na mwamba umejaa.

(Busheli nayo si kitu kimoja. Ya Virginia ni kubwa kuliko ya Maryland, na kila upande una kipimo chake cha kisheria. Mgeni anayesoma takwimu za mavuno bila kulijua hilo atalinganisha visivyolingana.)

Kapteni aliuchukia mfumo wa zamu. Alikuwa akilitazama eneo lililofungwa, lile alilofundishwa na baba yake, na uso unabadilika. Aliniambia ni kama kufungiwa shamba la ukoo na mtu ambaye hajawahi kulilima. Sikumbishia. Nilikuwa mgeni kwenye boti yake, na mto ule aliujua kwa kikwaruzo jinsi wengine wanavyoijua njia ya kwenda msikitini gizani. Lakini hata siku moja sikumwona akivuna upande uliofungwa, na kulikuwa na asubuhi zenye ukungu ambazo hakuna askari ambaye angemwona.

Chini ya malalamiko yote kuna swali la zamani mno: huo udongo ulio chini ya maji ni wa nani? Mwaka 1821 mahakama ya New Jersey iliamua kesi ya Arnold na Mundy. Arnold alikuwa na shamba kando ya mto Raritan, akapanda chaza majini mbele ya shamba lake na kupigilia vigingi. Mundy akaenda na watu wake wakawavuna, makusudi, ili haki ipimwe. Arnold alishindwa. Mahakama ilisema maji yanayokupwa na kujaa, na ardhi iliyo chini yake, ni ya watu wote, na serikali inavishika kwa niaba yao. Kwa hiyo leo kigingi majini hakina maana yoyote bila karatasi ya serikali nyuma yake.

Virginia ilijibu swali hilo kwa kuchora mstari. Kati ya 1892 na 1894 afisa wa upimaji wa pwani aitwaye James Baylor aliizunguka miamba ya asili na kuiweka kwenye ramani, zaidi ya ekari 200,000. Katiba ya jimbo ya mwaka 1902 ikakataza miamba hiyo isikodishwe wala kuuzwa; ni ya umma. Nje ya mistari ya Baylor, raia anaweza kuomba kukodi chini ya bahari kwa Tume ya Rasilimali za Bahari ya Virginia, kwa miaka 10 inayoweza kuongezwa. Wavuvi bado wanasema "ndani ya Baylor" na "nje ya Baylor", kana kwamba Baylor ni mtu anayeishi jirani.

Nilipohamia upande wa kukodi, kwenye vijito vya Ghuba ya Mobjack, humohumo Virginia, mambo mengi yaligeuka. Mbegu zinatoka kwenye vituo vya kutotolesha. Nyingi zimezalishwa ziwe tasa, zisipoteze nguvu kwa mayai, zikue haraka na ziwe na nyama hata kiangazi. Tunazilea ndani ya vizimba vya waya, tunavigeuza, tunaviosha, tunawahamisha chaza kadiri wanavyokua. Hakuna kikwaruzo kinacholima chini. Tunavuna mwaka mzima, wakati wenzetu wa umma wanasubiri Oktoba.

Hapo ndipo maneno yanapoanza. Wavuvi wa umma wanasema sisi tunaifunga bahari kipande baada ya kipande. Waliokodi wanasema wavuvi wa umma wanakula wasichopanda. Wenye nyumba za ufukweni, kama wale wa mto Lynnhaven kule Virginia Beach, hawapendi kuona vizimba na maboya mbele ya veranda zao, na wanapeleka malalamiko.

Mimi nasimama hivi. Wenye veranda nitawasikiliza wakizungumzia njia ya boti na usalama wa watoto wanaoogelea. Wakizungumzia mandhari, hapana, kwa sababu maji yale hawakuyanunua pamoja na nyumba. Aliyekodi, anayepanda, anayelea na anayevuna, ana haki ya kulindwa dhidi ya mwizi kama mkulima yeyote. Lakini mtu aliyekodi ekari nyingi akaziacha tope tupu miaka na miaka, akingoja bei ipande au akitaka tu jirani asizipate, huyo amechukua mali ya umma na hajairudishia umma chochote. Kodi ya mwaka kwa ekari imekuwa ndogo mno kwa miaka mingi, dola 1.50, kiasi kwamba kushikilia bila kutumia hakumuumizi mtu. Ningekuwa na kura, eneo lisilopandwa lingerudi kwenye ramani ya wote mkataba unapokwisha, bila mjadala mrefu. Kapteni na mimi tulikubaliana katika hili, na hatukukubaliana katika mengi.

Sasa niseme juu ya lebo, maana hapa ndipo pande zote mbili zinapokutana.

Ukimweka chaza wa umma na chaza wa kukodi mezani, askari wa doria hawezi kuapa yupi ametoka wapi. Wala hawezi kuona kwa macho kama maji aliyotoka yalikuwa safi. Chaza huchuja maji. Mkubwa aliye katika hali nzuri huweza kuchuja hadi lita 190 kwa siku, na kilichomo majini kinabaki ndani yake, kizuri na kibaya, kisha mtu anammeza mbichi. Kinachobaki kusimulia habari yake ni kile kikaratasi kisicholowa kilichofungwa kwenye mfuko: namba ya mvunaji, tarehe, eneo alikovunwa, kiasi. Lebo hiyo haibanduliwi mfukoni mpaka mfuko uishe, na mkahawa unaiweka siku 90 baada ya hapo. Mtu akiugua, wachunguzi wanaifuata lebo kurudi nyuma mpaka kwenye kijito.

Utaratibu huu ulizaliwa na misiba. Majira ya baridi ya 1924 kuelekea 1925, homa ya matumbo iliyotokana na chaza iliwapata watu zaidi ya 1,500 katika miji ya New York, Chicago na Washington, na 150 hivi wakafa. Biashara nzima ilianguka kwa wiki chache. Februari 1925 serikali, majimbo na wafanyabiashara walikaa pamoja, na hapo ukaanza mpango wa taifa wa usafi wa chaza unaotumika hadi leo. Maji yanapimwa tena na tena, yanapangwa madaraja: yaliyoruhusiwa, yenye masharti, yaliyozuiliwa, yaliyokatazwa kabisa. Ili maji yaruhusiwe bila masharti, wastani wa bakteria wa kinyesi usizidi 14 katika mililita 100. Karibu na bomba la maji taka hakuna ruhusa hata maji yang'ae kama kioo. Ikinyesha mvua kubwa, baadhi ya vijito hufungwa kwa siku kadhaa, na tunakaa gatini tukizitazama boti.

Siku moja ya Julai tulikuwa watu wanne kwenye boti. Miezi ya joto saa za kuvuna zinafupishwa, na tangu chaza wa kwanza atoke majini saa inahesabiwa mpaka mzigo uingie kwenye barafu. Sababu ni vibrio, bakteria wa asili wa maji ya vuguvugu, ambao hawana uhusiano na maji taka. Chaza akikaa juani, wanazaliana ndani yake kwa kasi. Aina moja, Vibrio vulnificus, inaweza kumuua mtu mwenye ugonjwa wa ini kwa siku chache. Tulikuwa na mifuko 18 injini ilipozimika. Tukahangaika nayo. Kivuli kilikuwa turubai moja, barafu ilikuwa kwenye gari, gari lilikuwa gatini. Tulipofika kwa kuvutwa, muda ulikuwa umepita kwa saa nzima na zaidi.

Msimamizi wa kampuni niliyokuwa nayo wakati ule alisema kwa simu: andikeni mmeanza kuvuna saa nne.

Niliandika. Nataka niliseme hili wazi kwa sababu watu hudhani wanaotetea sheria hawajawahi kuivunja. Nilijaza lebo nne kwa saa ya uongo, mkono wangu mwenyewe, kwa sababu tulilipwa kwa mfuko na kodi ya nyumba ilikuwa inanisubiri. Kwenye ya tano niliandika namba yangu ya utambulisho kisha nikaitazama. Ile namba ni yangu, si ya msimamizi. Yule atakayekula hanijui, hajui injini ilizimika, hajui Mobjack iko wapi. Anachojua ni kwamba mfuko una lebo, kwa hiyo ni salama. Nikazichana zote nne. Wenzangu wawili walinikasirikia, na walikuwa na haki, maana niliwakatia riziki bila kuwauliza. Chaza tuliwarudisha vizimbani wakae majini wajisafishe kwa siku kadhaa kabla ya kuvunwa upya. Siku ile hatukulipwa kitu. Kampuni ile niliiacha mwezi uliofuata.

Tangu siku hiyo nikisikia mtu anasema kanuni zimezidi, namuuliza ni kanuni ipi. Zipo zinazostahili kulalamikiwa. Fomu zinazojazwa mara tatu kwa ofisi tatu tofauti ni kero tupu, na mvuvi mzee asiyetumia kompyuta anaumizwa nazo kuliko kampuni yenye karani. Maombi ya kukodi yanaweza kuchukua muda mrefu kiasi cha kumkatisha tamaa kijana asiye na akiba, na mwenye wakili akapita. Hayo yarekebishwe. Lakini kipimo, gamba kurudi, mwamba kupumzika na saa ya kweli kwenye lebo, hayo manne siyapunguzi hata kwa nusu inchi, uwe umekodi au hujakodi.

Novemba iliyopita Kapteni alinipigia simu. Eneo lake, lile la baba yake, lilikuwa limefunguliwa baada ya kufungwa tangu msimu wangu wa mwisho naye. Alitaka mtu wa kuchambua, na mtoto wake alikuwa akiumwa mgongo. Niliomba ruhusa siku moja, nikachukua nyundo yangu.

Kulikuwa na upepo wa kaskazini na maji yalikuwa ya kijivu. Kikwaruzo cha kwanza kilipomwagwa kilitoa sauti nzito, ya mawe, si ile ya tope. Kapteni hakusema neno. Alichagua gamba moja kuukuu kutoka kwenye lundo, limeliwa na minyoo, lenye rangi ya majivu, na juu yake walikuwa wameota chaza sita, wameng'ang'aniana. Alilishika muda mrefu kidogo. Kisha akaitwaa nyundo mkononi mwangu, akampitisha mkubwa kati yao kwenye pengo.

Akapenya.

Kapteni aliliweka gamba ukingoni, akalisukuma na chaza wake wote sita, akasubiri mpaka mduara majini ukatoweka ndipo akawasha injini.